Damu Ilipokoma, Wivu Ukaanza

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, hiyo sitaisahau. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama utosini, nami natoka bafuni uani, maji yananichuruzika shingoni. Mume wangu Saidi alikuwa amesimama mlangoni ananingoja. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya mtu mwenye wivu inatisha kuliko ukelele: "Mama Sauda, hiyo ni janaba ya nani?"

Wewe umeolewa, janaba unaijua. Ni hali ya mke na mume waliokutana, haitoki ila kwa kuoga mwili mzima, na sisi wawili tulikuwa hatujagusana siku nyingi. Jibu nilikuwa nalo, ila nililiogopa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa huko baharini, kabla ya vita kutufika. Palma yetu, huku kaskazini mwa Msumbiji, ilijaa wageni: wa Pemba ya huku bara, wa Nampula, wa Maputo, na wazungu waliopita ndani ya magari yenye vioo vilivyofungwa. Penye wengi pana mengi. Saidi alikuwa fundi cherehani, anashona barazani kwetu suruali za wafanyakazi wa kambi ya gesi. Mimi niliuza ugali, samaki na matapa, kile kisamvu cha karanga, hapohapo chini ya bati. Wateja wangu karibu wote walikuwa wanaume. Dereva mmoja wa Nampula, jina lake Amisi, akimaliza kula husema, "Obrigado, ahsante mamã, mkono wako haujazeeka." Nami hucheka. Na kila nikicheka, cherehani ya Saidi husimama.

Wivu alikuwa nao tangu ujana na, sikufichi, niliupenda. Mwanamke gani hapendi kuonewa wivu kidogo?

Basi mwaka huohuo damu yangu ikaanza kunichezea. Mwezi huu ije, miezi miwili isije, kisha ikakoma kabisa. Joto likawa linanipanda kutoka kifuani hadi usoni, nalowa kama niliyetoka kutwanga. Dawa niliyoijua ni maji, basi naoga asubuhi, naoga adhuhuri, naoga alasiri. Usingizi ukanikimbia. Chakula kikanishinda. Nikawa nalia mbele ya chungu bila kujua nalilia nini.

Na kwa nini sikusema? Wivu, mwanangu. Saidi hakuwa nao peke yake. Mtaani kwetu walikuwa wamehamia wasichana waliokuja kutafuta riziki kambini, ngozi zao zinateleza, wanalala usiku kucha na kuamka wanaimba. Niliwaonea wivu hata huo usingizi. Nikajiambia, Saidi akijua nimekauka ataoa mmoja wao kabla ya Ijumaa. Nikaficha. Kila mwezi nilijifanya niko kwenye siku zangu: mswala nauacha ukutani, sisali, ili aone. Astaghafirullah.

Sasa mfikirie huyo mwanamume barazani. Mkewe halali, hali, analia ovyo, akiguswa kitandani anageuka, na mchana wa jua kali anaoga mwili mzima, tena siku ambazo hasali. Hata mimi ningesema huyu ana mtu.

Adhuhuri ile, pale mlangoni, akasema nina mtu. Akasema ni Amisi. Niliapa, hakusadiki, na kesho yake Amisi alipokuja kula, Saidi alimpokonya sahani mkononi akawamwagia kuku. Amisi hakurudi, na wenzake wakamfuata.

Kisha Saidi akanyamaza, nikadhani yamepita. Kumbe alikwenda kwa mganga mmoja mgeni, aliyekuja Palma kufuata harufu ya fedha kama wengine, akapewa unga wa mizizi wa kumtuliza mke anayetangatanga. Kila asubuhi akawa anautia kwenye uji wangu. Mtu ambaye hakuwahi kunichemshia hata maji, leo ananiletea uji kitandani! Nilifurahi, mwanangu. Nilidhani ni mapenzi, nikaunywa wote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tumbo likavurugika. Nikahara mpaka miguu ikakosa nguvu, na kadiri tumbo lilivyochafuka ndivyo moyo ulivyozidi kuingia giza. Biashara niliiacha. Nikawa nalala nimeelekea ukuta. Mama mkwe wangu, Bi Zaina, alipokuja kunitazama, nilimwambia, "Mama, natamani nilale nisiamke."

Bi Zaina alikuwa mtu wa maneno machache. Hakunipa hata pole. Alitoka nje akaita pikipiki, akamwamuru mwanawe atufuate kituo cha afya.

Tulimkuta nesi kijana, mwenyeji wa Mueda, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimakonde na Kireno. Alinipima, akanipa maji ya chumvi na sukari ninywe polepole, kisha akauliza, "Mamã, umetumia dawa gani?"

"Sijatumia dawa."

"Hata ya miti?"

"Hata ya miti."

Saidi alikuwa ameegemea mlango, macho chini. Bi Zaina akamgeukia. "Saidi, mimi ndiye niliyekuzaa. Sema."

Akasema. Mganga, unga, uji, yote. Mimi sikuweza kumtazama. Niliangalia kikombe changu.

Nesi hakumkemea. Alisema dawa za miti si adui, hata bibi yake alitibu watu kwazo. Adui ni dawa usiyoijua, tena uliyotiliwa kwa siri. Kisha akatueleza: "Tumboni mwetu vinaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vingi ni vyema, vinatusaidia kusaga chakula. Tena tumbo na kichwa vinapelekeana habari. Tumbo likivurugwa, huzuni inaweza kuzidi. Na huzuni ikizidi, tumbo nalo linachafuka. Wataalamu bado wanalichunguza jambo hili, hawajalimaliza. Lakini huzuni ya mamã haikuanzia kwenye unga." Akanigeukia. "Mamã, damu yako bado inakuja?"

Mbele ya mume wangu! Nikafumba macho. "Imekoma. Siku nyingi."

Saidi akainua kichwa. "Na zile siku ulizokuwa husali?"

"Niliogopa usije ukaoa."

Hapo Bi Zaina akatugeukia wote wawili. "Wewe Saidi, joto hilo mimi pia lilinipata, na marehemu baba yako alikwenda kuniotea kisimani akidhani nina bwana. Ungeniuliza ningekwambia. Na wewe, binti yangu, ulipovunja ungo wanawake walikutia unyagoni, wakakufunza mpaka namna ya kukaa. Damu ilipokoma hakuna aliyekufunza neno. Kosa hilo ni letu wazee. Ila mdomo unao. Mficha maradhi kilio kitamfichua, na leo tulibakiza kidogo tulie."

Sikurudi kwa Saidi siku ile. Nilikaa kwa Bi Zaina, akanipikia togwa ya mtama, ule uji uliochachuka kidogo. Nesi alisema ni chakula kizuri kwa tumbo linalopona, ila nisiiite dawa ya huzuni. Kwa huzuni nilirudi kwake mara kwa mara tukazungumza, akanipa na vidonge, akanikataza kuvichanganya na mizizi yoyote kabla hajaiona. Mchaichai aliniruhusu. Giza lilitoka taratibu, likarudi, likatoka tena.

Saidi alikuja kila alasiri, anakaa mbali kama mgeni. Wivu haukumtoka upesi. Bado jicho lake liliwafuata wapita njia. Mpaka siku moja joto likanipanda mbele yake, uso ukalowa. Akanitazama, akauliza, "Likoje, hilo joto?"

Katika ndoa yetu yote, hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza bila kuwa na jibu lake tayari. Nikamweleza yote, naye akasikiliza huku ananipepea kwa kofia yake. Baadaye alimtafuta Amisi akamwomba radhi. Amisi hakurudi kula kwetu, wala sikumlaumu. Mimi nilirudi nyumbani kwa sharti moja: uji wangu napika mwenyewe. Na sala nilizoziacha nikazilipa.

Basi mwanangu, ninalokuusia ni hili. Mwili wako ukibadilika, useme ungali na nguvu ya kusema, maana mwenye wivu usipompa habari yako ataitunga mwenyewe. Usimeze kitu usichokijua, na unachokijua usimfiche anayekutibu. Tumbo lako lilishe vizuri. Na huzuni ikifika mahali pa kutamani usiamke, hiyo ni maradhi, si aibu wala utovu wa shukrani. Kimbilia watu mchana kweupe. Wivu ukikushika wewe, uliza, kisha nyamaza usikie.

Mwenyezi Mungu akujalie miaka mingi ya kuzaa, na baada yake miaka mingi ya kupumzika. Akupe nyumba ambamo mtu anauliza, na ulimi usioogopa kumjibu. Amina.