Mkono wa Kulia wa Nuria

Saa kumi na moja alfajiri, stima zimepotea mtaani, na gizani mkasi unasikika: kwach, kwach. Chelagat Kibii anakata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli kwa mwangaza wa simu, kisha anauzungusha kwenye mpini wa kijiko hadi unenepe, ushikike kwa urahisi.

Mwanafunzi huyu wa mwaka wa tatu mjini Nakuru anasomea kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu wajifanyie shughuli za kila siku: kula, kuvaa, kuoga. Leo anaenda mtaa wa Bondeni, kwa familia aliyoikosea.

Nuria ana miaka sita. Mkono wake wa kulia ni dhaifu tangu azaliwe, na Januari anaanza shule, ambako hakuna wa kumlisha. Kule kliniki anakofanyia mazoezi ya kazi, Chelagat alimfundisha kula kwa mkono wa kushoto.

"Alishika haraka, mimi nikampigia makofi," anakumbuka. "Kugeuka hivi, nyanya yake ameshambeba, wanaenda."

Hawakurudi. Ni Nasir, mwanafunzi mwenzake, aliyemweleza kwamba kwa Waislamu mkono wa kushoto haupeleki chakula mdomoni.

"Kwetu Molo kiazi unakula na mkono wowote, bora kiwe moto," Chelagat anasema, akicheka kidogo. "Sikujua."

Mchana, mlangoni, Bi Sumeya, nyanya wa Nuria, anamkagua kuanzia kichwani.

"Mtoto wa Molo, leo umetuletea viazi?"

"Leo nimeleta maswali, nyanya."

"Basi vua viatu uingie."

Wanaketi mkekani. Bi Sumeya anakubali kwamba dini inamruhusu asiyeweza kutumia mkono wa kulia ale kwa wa kushoto. "Lakini huyu hajashindwa. Kila asubuhi ananishika kidole kwa huohuo wa kulia. Uliniuliza?"

"Sikuuliza. Nisamehe."

Chelagat anakifunga kile kijiko kinene kwa kitambaa kwenye kiganja cha kulia cha Nuria. Mkono wa kushoto unashikilia bakuli. Wali unamwagika. Unamwagika tena. Bi Sumeya anainua mkono amsaidie, kisha anaurudisha mapajani.

Akihitimu, Chelagat anataka kuwafuata watoto kama Nuria majumbani, kuanzia Molo hadi Gilgil. "Niwakute wakila chakula chao, na watu wao. Niulize kwanza…"

"Shh! Jumatatu tunakuja kliniki," Bi Sumeya anamkatiza, macho hayabanduki kwa mjukuu.

Kijiko kinapanda, kinatetemeka, kinafika. Nuria anatafuna taratibu, anameza, anasukuma bakuli mbele.

"Nyanya, niongeze wali."