Ng'ombe waliyempa mume wangu ili asihame

Jamani, leo wamekuja kuchukua ng'ombe wetu, na kosa ni mimi kuolewa!

Mume wangu kipenzi ndiye muuguzi pekee wa zahanati ya kijiji, huku upande wa Nkololo. Alipopangiwa huku, wanakijiji walimpa ng'ombe wa maziwa ili asihame kama waliomtangulia.

Asubuhi naimba zangu nikichemsha chai (bi harusi mimi!), wakaingia wazee wawili, wakanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Tumefuata ng'ombe."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa kumkaribisha bi harusi.

"Tulimpa tukijua ataoa hapa, awe mkwe wetu, atulie. Sasa kaleta mke wa Bariadi mjini. Wewe utakaa huku kweli?"

"Nitakaa! Nampenda!"

"Wa mjini wote husema hivyo," mwenzake akajibu, akifungua kamba.

Wakati huo mume wangu alikuwa zahanati, anamzalisha binti wa huyohuyo aliyeshika kamba.

Mchana nikamsimulia. Akaniuliza polepole kama hospitali za mjini kuna nafasi za kazi.

Hajawahi kuniuliza hivyo.

Semeni kweli, wapenzi, ninyi mngebaki?