Ngazi ya Wainka Ubaoni

Siku yangu ya kwanza kazini, mwalimu mkuu wa shule yetu wilayani Ngara alinikabidhi boksi la chaki na onyo. "Kijana, hapa hatufundishi la kichwani. Somo lianzie kwenye andalio." Andalio ni daftari ambamo mwalimu hupanga kipindi chake, nami nililitii kuliko Biblia.

Kwa hiyo hata Wainka, watu wa dola ya kale ya Amerika Kusini, walikuwemo kwenye andalio. Nilichora ngazi ubaoni. Juu kabisa Sapa Inka, mfalme aliyeitwa mwana wa jua. Hata mkubwa alimwendea peku, amebeba mzigo mgongoni. Chini yake ndugu zake, kisha makuraka, yaani machifu wa mahali, halafu wasimamizi wa kaya mia, hamsini, na kumi. Mwisho wakulima, waliolima kwa zamu mashamba ya mfalme, na wengine wakahamishiwa walikopangiwa.

Darasa la saba lilikaa wima, maana Katibu Kata wa chama alikuwa ameketi nyuma akikagua tunavyofundisha siasa ya vijiji vya ujamaa.

"Msimamizi wa kaya kumi ni kama nani kwetu?" niliuliza, mjinga mimi.

"Balozi wa nyumba kumi!" darasa likaitikia.

Sabina, binti wa mkulima mmoja Mhangaza, akanyoosha mkono. "Na waliohamishwa ni sisi, mwalimu. Nyumba yetu ilibomolewa, migomba tukaiacha na ndizi zake."

Katibu akasimama. "Ndugu Mwalimu, maneno hayo kafundishwa na nani? Wewe, au nyumbani kwao?"

Nikisema nyumbani, baba yake atalala mahabusu kwa kupinga vijiji. Nikisema mimi, kazi imekwisha.

"Hakufundishwa, Ndugu Katibu. Ni utovu wa nidhamu tu."

Nikachukua fimbo. Viboko vinne kiganjani, mbele ya wenzake. Katibu akaketi, ameridhika.

Baadaye nilihamishiwa Biharamulo, kwanza Nyabusozi, ambako vita vya Kagera vilinikuta, kisha Nyarubungo. Nilipandishwa daraja. Siku ya kustaafu, ofisa elimu alisema faili langu halina doa. Watu walipiga makofi. Mimi niliona aibu.

Baba yake Sabina hakuguswa, na huo ndio utetezi wangu kila ninapojitetea. Lakini mtoto yule alimaliza mwaka bila kunyoosha mkono tena. Ninyi walimu vijana mnaoniamkia shikamoo njiani, jueni hili: Sabina alijibu sawasawa. Alistahili alama ya vema, nami nikampa fimbo.