Chubwi za Baba Ndani ya Kinanda

Juzi kijana wa jirani aliyeyusha betri kuukuu ya gari atengeneze chubwi, zile risasi za kuzamishia mshipi. Harufu ikanifikia ukumbini nikisuka ukili, na wallahi, nikawa tena Diani, mtoto wa miaka saba, nanusa risasi ya moto na nguo zinazopigwa pasi.

Mamangu alikuwa akifua kwa Memsabu mmoja mjane, mwenye kinanda kikubwa cheusi cha miguu mitatu. Nami homa ilikuwa imenipita, ikauacha mkono wangu wa kulia umelegea kama mlenda. Daktari alisema vidole visipofanyishwa kazi vitakauka. Memsabu, aliyekuwa na baridi yabisi vidoleni, akaniketisha kando yake, upande wa sauti nyembamba. Nilivisukuma vile vibao vya kinanda hadi machozi yakanitoka. Havikushuka.

Akaitwa fundi wa vinanda, Mgoa mmoja kutoka Mombasa, avilainishe. Alivichomoa, akavitoboa kwa keekee, akavipachika vipande vya risasi. Alianzia upande wa Memsabu, na risasi ikamwishia kabla hajafika kwangu. Baba alikuwa ameleta samaki. Alisimama mlangoni kitambo, kisha akafungua pindo la kikoi, akatoa chubwi zake zote. Zikayeyushwa ndani ya kopo, juu ya makaa ya pasi ya Mama.

Mie nikaangua kilio. Kitu cha kuzamishia mshipi wanakitia kwenye vibao vilivyokwisha kunishinda! Nikamuuliza Baba kwa nini ananizidishia uzito.

“Uzito huu unakaa upande wa kidole chako, mwanangu,” akasema. “Mtasukuma pamoja.”

Nikagusa. Kibao kikashuka polepole, na sauti ndogo ikatoka, ikatanda chumbani, ikapita dirishani kuelekea minazini kama iliyojua njia. Nilihisi nimeiota. Mama alisahau pasi, akaunguza shuka.

Msimu ule Baba alivua kwa vipande vya matumbawe alivyovifunga mshipini badala ya chubwi. Vilichomoka ovyo, akawa anarudi na kikapu kitupu, nasi tukala muhogo na mchicha hadi nikauchukia. Nilipomuuliza samaki wako wapi, alisema wamehama, watarudi.

Niliolewa na mvuvi. Siku moja chubwi yake ilikatika, nikamwona alivyohangaika kutwa nzima kutafuta nyingine. Nilikuwa nasuka, kwa mkono huu huu wa kulia. Vidole vikasimama. Samaki hawakuwa wamehama, na Baba alikwisha kufa.