Cherehani ya Kukanyaga Haina Umeme

Kwa wiki tatu nilikula, nikaoga na nikamsalimia mama mkwe nikiwa na mkasi mkononi.

Si kwa kupenda. Uligoma kutoka.

Mimi ni fundi nguo. Nakata, kaka yangu anashona, mwaka wa kumi na moja huu. Asubuhi moja nakata suruali ya mteja, vidole vikajifunga kwenye mkasi, kwisha habari. Tukavuta, tukapaka sabuni, wapi!

Mke wangu akawa anauviringishia kitambaa kila tukilala, asije akaamka hana pua.

Hospitali wakapiga picha za kila aina. Wakasema mkono ni mzima. Wakanielekeza kwa daktari wa akili.

Kaka akaruka kama kakanyaga msumari. "Wa akili? Kwenye ukoo wetu hakuna kichaa! Watu wakiuliza, sema umepigwa na umeme wa cherehani."

"Kaka, cherehani yetu ni ya kukanyaga."

"Nani atakagua?"

Basi mtaa mzima ukanipa pole ya umeme. Jirani akanisimamisha pekupeku kwenye tope ili umeme ushuke ardhini. Nikasimama, ningefanyaje? Mteja mmoja aliigusa suruali yake kwanza kwa kijiti kikavu ndipo akaipokea.

Mchana mmoja usingizi ukanipitia dukani, juu ya marobota ya vitambaa. Kumbe kaka ananirekodi! Kwenye video vidole vinafunguka vyenyewe, mkasi unadondoka, najikuna sikio raha mustarehe. Nilipoamka vikajifunga tena, safari hii vimeshika hewa.

"Msanii wewe!" kaka akafoka. "Ijumaa naleta mkataji mwingine."

Iliniuma kuliko ule mkono. Kuitwa mwongo na ndugu wa damu, tena kwenye meza yangu mwenyewe.

Nikamwomba kwanza twende kwa yule daktari. Akakubali haraka, maana alitaka kuniumbua. Hata hatujakaa, akatoa simu.

"Daktari, mtazame mgonjwa wako."

Daktari, mama mmoja mpole, akaitazama video mara mbili.

"Hii ndiyo niliyoihitaji," akasema. "Mishipa yake mizima, ila ubongo umepoteza njia ya kuuongoza mkono. Asipoufikiria, njia inapatikana. Haigizi, wala si kichaa. Anaumwa, na anatibika."

Kaka akarudisha simu mfukoni taratibu.

Mazoezi aliyoniandikia yalikuwa vituko. Najaribu kupanga vifungo kwa mkono ule ule huku mtaalamu wa mazoezi ananibishia habari za mpira, nisiufikirie. Siku niliyopandwa na hasira kwa ajili ya penalti, nikaona vidole vyote vitano viko wazi. Hata hivyo ilichukua miezi miwili ndipo nikakata suruali nzima.

Jioni hiyo kaka akafunga mlango wa duka.

"Yule daktari... anapokea na watu wasiolala?"

"Nani halali?"

"Mimi. Tangu tumzike baba."

Mwaka mzima! Nilitaka kumkumbusha maneno yake ya ukoo, roho ikakataa.

"Kesho tunakwenda wote."

"Na watu wakiuliza?"

"Tutasema umepigwa na umeme."

Akacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Ewe unayesoma, mwenzio akikwambia mkono umegoma, mwamini kwanza, kisha msindikize hospitali. Sisi tulipoteza wiki tatu tukitafuta umeme kwenye cherehani ya kukanyaga.