Mbuzi Wawili wa Kipa wa Beni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka uso unaniwaka kwa haya. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, naandika habari za mpira katika gazeti dogo la Butembo, na nilijiona mkubwa kuliko wachezaji wenyewe. Nikipita mtaa wa Bulengera watoto waliita jina langu. Nani angeniambia kitu?

Ilikuwa wakati wa vita. Karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo gazeti letu la kurasa nne tulilidurufu nakala chache tu. Lakini nakala moja ilitosha soko zima. Kule Beu, mjini Beni, kila siku ya soko fundi mmoja wa nguo alisimamisha cherehani yake akasoma kwa sauti, watu wamemzunguka. Hivyo ndivyo wengi walivyopata habari za timu zao.

Jumapili moja timu yetu ilikwenda kucheza Beni. Nikasikia barabarani kuna vizuizi vya wanajeshi, nikaogopa, nikabaki nyumbani. Hofu si dhambi, mwanangu. Barabara ile iliogopesha hata wanaume wenye ndevu. Dhambi ni nililofanya kesho yake. Nilimngojea dereva wa lori aliyetoka Beni, nikamuuliza mechi ilikwendaje. Akasema tumeshinda matatu kwa bila, Paluku, kipa wao, aliiacha mipira ipite tu, na asubuhi yake alionekana akiswaga mbuzi wawili. Akacheka, nami nikacheka. Ulimi hauna mfupa, na kalamu yangu siku hiyo haikuwa nao pia: niliandika kwamba Paluku ameuza mechi kwa mbuzi wawili. Niliandika kana kwamba nilisimama nyuma ya goli lake! Butembo nzima ilicheka, na mimi nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Wiki ilipopita aliingia ofisini kwetu msichana aliyeitwa Kavira, mchumba wa Paluku. Alitoka Beni, akapita vizuizi vile vile nilivyoviogopa mimi. Hakunitazama. Alisema na mhariri wetu, Mwalimu Kasereka.

“Mwalimu, zile mbuzi ni za mahari yangu. Mujomba wa Paluku alizitoa kule Oicha. Sasa papa yangu amezirudisha, anasema hawezi kupokea mbuzi ya mutu mwenye aliuzisha match. Na Paluku alicheza na kidole ya kuvunjika, sababu kipa wa pili alikimbia vita na famille yake.”

Mwalimu alinigeukia taratibu. “Ulikuwa ku kiwanja?”

“Hapana, Mwalimu. Shofere aliniambia.”

Nikaharakisha kusema kwamba tutaweka sahihisho ukurasa wa nne. Mzee yule hakuwa mtu wa kupiga kelele, na heri angepiga.

“Ukurasa wa ine, chini, kadogo,” alisema. “Lakini bongo yako, ule uongo, ilisomwa kwa sauti mu soko. Ile sahihisho, ni fundi gani atasimamisha mashine yake juu yayo? Utaenda kuisoma wewe mwenyewe, na mudomo yako.”

Nikaenda. Kwenye vizuizi Kavira ndiye aliyezungumza na wanajeshi. Mimi nilikaa nyuma yake kama mzigo, nimeshika karatasi yangu. Pale Beu fundi aliniachia kiti chake, lakini nilisoma nimesimama. Nilisoma kwamba sikuwa kiwanjani, kwamba mbuzi walikuwa wa mahari, kwamba Paluku hakuuza kitu. Mama mmoja muuza mihogo akapaza sauti: “Soma tena, batu ba nyuma habasikie!” Nikasoma mara tatu, mwanangu. Mara ya tatu baba yake Kavira akajitokeza katikati ya watu.

“Sasa nimesikia,” alisema. “Paluku alete mbuzi zake.”

Watu wakashangilia kana kwamba ni bao. Paluku alikuwapo, mkono wa kuume umefungwa kitambaa. Akanipa wa kushoto, akasema, “Match yenye kukuja, ukuje uone.” Nilikwenda, nikasimama nyuma ya goli lake. Alifungwa mawili, nikaandika mawili.

Leo ninyi mna simu, na neno linafika Beni kabla hujameza mate. Ndiyo maana nakuambia. Usiandike usiloliona; kama umeambiwa tu, sema umeambiwa, na umtaje aliyekuambia. Cheko la watu lisikudanganye, kwa maana wanaocheka leo hawatakusaidia kesho. Na ukimchafua mtu sokoni, usimwombe radhi uchochoroni. Rudi sokoni kule kule, useme kwa sauti ile ile. Mimi nilidhani siku ile ningekufa kwa aibu, kumbe ndiyo siku watu wa Beni walianza kuniamini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu ya kufika mahali penyewe, na siku utakayokosea, akupe kifua cha kusimama mbele za watu na kusema: ni mimi.