Samaki mara tatu kwa wiki

Jumamosi iliyopita nilipanga foleni kwenye supamaketi moja mjini Kericho, nyuma ya mume na mke wenye mifuko mitatu ya kitambaa iliyopauka kwa kufuliwa. Mume alikuwa akisoma karatasi ambayo mkewe alikuwa ameandika chakula cha wiki nzima.

"Mama watoto, samaki Jumatatu, samaki Jumatano, samaki Ijumaa. Tumekuwa watu wa ziwa lini?"

"Tangu ulipokula samaki wa yule mama jirani wa Kisumu, siku ya maombi," mke akajibu, akipanga vitu kwenye kaunta. "Ulilamba vidole mbele ya kanisa lote."

"Nilikuwa na njaa tu."

"Mimi nimekupikia miaka kumi na mbili. Hata kimoja hujalamba."

Keshia akashika samaki mkononi, akangoja. Mume alimwomba kalamu, akalikata neno "samaki" mara tatu kwenye karatasi, kisha akaandika polepole. Nilichungulia: "Mboga ya managu ya maziwa, vile wewe hupika."

Mke aliisoma mara mbili. "Utachoka nayo," akasema. Lakini karatasi hiyo aliikunja akaitia ndani ya pochi yake, na samaki wakarudishwa.

Sijui kama moyo wake ulitulia. Ninachojua ni kwamba niliondoka nikiwaonea wivu. Kwangu tunakula kinachopatikana, na ni miaka mingi tangu mtu anikasirikie kwa kusifu mapishi ya mwingine.